Simu kwenye Taa Nyekundu: Jinsi Halmashauri za Uingereza Zinavyoamua Kama Dereva wa Teksi Bado Anafaa

Gari lilikuwa limesimama. Hilo dereva wa teksi niliyemsindikiza alilirudia mara nne tukiwa njiani kwenda kwenye kikao: gari limesimama, taa nyekundu, ndani hakuna abiria, na simu ameishika sekunde chache tu ili aone kazi iliyoingia inampeleka wapi. Hakujua kwamba askari wa pikipiki yuko ubavuni mwake, anamtazama kupitia kioo cha mlango.

Alilipa faini ya pauni 200 usiku uleule, akapokea pointi 6 za makosa kwenye leseni, akamshukuru Mungu kwamba hakumgonga mtu, na alfajiri akarudi kazini. Kwake shauri lilikuwa limekwisha. Miezi minane baadaye ikaja barua ya halmashauri. Walikuwa wamekagua rekodi yake ya udereva, wakakuta zile pointi, na sasa wanamtaka afike mbele ya kamati ya leseni ili madiwani waangalie kama bado ni mtu anayefaa kubeba abiria.

"Mimi nimeshaadhibiwa," aliniambia. "Ndugu yangu, wananihukumuje mara ya pili kwa kosa lilelile?"

Jina lake na mji anaofanyia kazi nauacha. Nilikwenda naye kumsaidia lugha, kama ninavyokwenda na wengine: watu wa Mombasa, Unguja, Bukavu, Bujumbura, waliofika huku wakakuta kazi ya teksi ndiyo inayopatikana haraka na inayolea familia. Swali lake nimelisikia kwa wengi wao. Ni swali la haki kabisa, na asiyelipata jibu lake kabla ya kuingia kwenye kile chumba huingia kujitetea dhidi ya jambo ambalo hakuitiwa.

Leseni mbili, wenyewe wawili

Dereva wa teksi Uingereza hubeba leseni mbili. Ya kwanza ni ile ya kila dereva, kadi inayotolewa na DVLA, mamlaka ya leseni yenye makao yake Swansea. Ya pili ni ya kubeba abiria kwa malipo, na hiyo hutolewa na halmashauri ya eneo, pamoja na beji yenye picha ambayo dereva huivaa au kuiweka abiria aione. Aliyewahi kuendesha matatu Kenya ataelewa mara moja. Huko pia leseni ya kawaida haitoshi, lazima uwe na beji ya PSV, yaani ya kuendesha gari la abiria.

Faini na pointi zilikuwa za leseni ya kwanza. Hiyo ndiyo adhabu, na kweli imekwisha. Kamati ya halmashauri haina kazi ya kuadhibu. Inaulizwa jambo moja: kuanzia leo, tukimwacha mtu huyu aendelee, abiria wetu watakuwa salama? Wazee walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kamati inafanya hivyohivyo, ila inayachungulia yajayo kupitia yaliyopita, maana dirisha jingine haina.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu England na Wales nje ya London, ambako msingi ni sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1976. London ina sheria zake chini ya Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, na Scotland ina ya mwaka 1982. Taratibu zinapishana, lakini swali lenyewe halibadiliki.

Kifungu cha 51 cha sheria ya 1976 kinaikataza halmashauri kumpa mtu leseni ya kuendesha gari la kukodi, yaani teksi inayoagizwa kupitia kampuni, mpaka iridhike kwamba ni mtu anayefaa na mwenye sifa. Kifungu cha 61 kinairuhusu kusimamisha leseni, kuifuta au kukataa kuihuisha, ama kwa makosa yaliyotajwa, kama ya ukatili na udanganyifu, ama kwa "sababu nyingine yoyote ya msingi". Simu huingia kupitia mlango huo wa mwisho, na ni mlango mpana. Haihitaji hukumu ya mahakama. Kulipa faini ya papo hapo, kwa mfano, si kutiwa hatiani mahakamani, na madereva wengi hushikilia hapo kama penye wokovu. Lakini sera za halmashauri nyingi huihesabu sawasawa na hatia, na hata isipohesabiwa hivyo, kitendo chenyewe bado ni cha kutazamwa.

Simu ilivyokuwa kosa zito

Kushika simu huku unaendesha kulianza kuwa kosa la peke yake Desemba 2003. Kwa miaka mingi watu walilichukulia kama kuegesha pasiporuhusiwa. Tarehe 1 Machi 2017 adhabu iliongezwa maradufu, pointi kutoka 3 hadi 6, faini kutoka pauni 100 hadi 200. Dereva ambaye hajatimiza miaka miwili tangu afaulu mtihani hupoteza leseni yenyewe akifikisha pointi 6, kwa hiyo kwake simu moja inatosha.

Likabaki tundu moja. Sheria ya zamani ilizungumzia mawasiliano, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mtu aliyekuwa akipiga video ya ajali kwa simu huku anaendesha hakuwa amelivunja sharti lile kama lilivyoandikwa, kwa sababu hakuwa akiwasiliana na mtu. Tundu hilo lilizibwa tarehe 25 Machi 2022. Tangu siku hiyo, kuishika simu na kuitumia kwa lolote ni kosa: kupiga picha, kubadilisha wimbo, kuangalia saa, kuzima kengele. Kusimama kwenye taa au kwenye foleni hakukutoi ndani ya sheria. Milango iliyoachwa wazi ni michache. Unaweza kupiga 999 au 112 kwa dharura pale ambapo si salama kusimama, na unaweza kulipia kwa simu ukiwa umesimama kwenye dirisha la mgahawa.

Simu iliyo kwenye kishikio si simu iliyoshikwa, na wengi hapo hupumua. Wasipumue sana. Anayegusagusa skrini iliyo kwenye kishikio mpaka gari likapepesuka anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, na hilo lina pointi 3 hadi 9. Kishikio kikiziba sehemu ya kioo anachopaswa kuonea barabara, hilo ni tatizo jingine.

Kwa nini uzito wote huo kwa kitu kidogo hivi? Fuata hesabu. Gari linalokwenda maili 30 kwa saa, mwendo wa kawaida mjini, hupita zaidi ya meta 13 kila sekunde. Mwongozo rasmi wa barabara wa Uingereza unasema kwa mwendo huo dereva aliye macho anahitaji meta 23 kusimama, kuanzia anapoiona hatari mpaka magurudumu yanatulia. Sekunde mbili za kusoma jina la mtaa kwenye skrini ni meta 26 na zaidi. Yaani amekwisha kuupita umbali wote wa kusimama kabla hata hajajua kwamba mtoto ameingia barabarani.

Na macho si yote. Watafiti wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha kwamba hata dereva anayezungumza kwa simu bila kuishika hutazama vitu na asivione. Jicho limetua kwenye bango, lakini akiulizwa baadaye bango liliandikwa nini hana habari. Abiria aliyeketi kando huiona barabara, naye hunyamaza panapokuwa na hatari. Aliyeko upande wa pili wa simu haioni barabara, anaendelea tu na habari zake.

Mtu anayefaa ni mtu gani?

Sheria ya 1976 haikueleza maana ya maneno hayo, na nadhani ilifanya vizuri, kwa sababu orodha yoyote ingekuwa imechakaa. Mahakama ndizo zilizoyajaza. Mwaka 1998, katika kesi iliyotoka halmashauri ya Rushcliffe, Lord Bingham, Jaji Mkuu wa wakati huo, alieleza lengo la leseni hizi: kuhakikisha kadiri inavyowezekana kwamba wanaozipata ni madereva salama wenye rekodi nzuri ya udereva na uzoefu wa kutosha, wasio walevi, wazima wa akili na mwili, waaminifu, na wasioweza kutumia kazi yao kumdhulumu au kumshambulia abiria. Udereva salama umetangulia. Uaminifu nao umo, na nitaurudia, kwa sababu ndio uliomwangusha ndugu yangu yule.

Julai 2020 Wizara ya Uchukuzi ilitoa viwango ambavyo kila halmashauri inapaswa kuvizingatia. Ndani yake kuna swali ambalo wajumbe wa kamati wanaambiwa wajiulize. Kwa Kiswahili ningeliweka hivi: bila upendeleo, na kwa taarifa ulizonazo mkononi, je, ungemruhusu mtu unayemjali, awe katika hali yoyote ile, asafiri peke yake kwenye gari la dereva huyu, saa yoyote ya mchana au usiku? Jibu likielemea "hapana", leseni isitolewe.

Kipimo cha ushahidi ni kuelemea tu. Huku hatumo kwenye kesi ya jinai ambapo jambo lathibitishwa bila kuacha shaka. Wajumbe wanapima upande upi una uzito zaidi. Wanaweza kupokea habari za kusikia, malalamiko ya abiria, ripoti ya kampuni, hata makosa ya zamani ambayo kwa kazi nyingine yangehesabiwa yamefutika kwa muda, kwa sababu madereva wa teksi wametengwa na kinga hiyo.

Sasa hapa pana fundo, na ni hapa ambapo watu hupewa ushauri mbovu. Viwango vya 2020 vinasema mwombaji aliyetiwa hatiani kwa kushika simu akiendesha asipewe leseni mpaka ipite angalau miaka mitano tangu hukumu, au tangu amalize adhabu au marufuku ya kuendesha, kutegemea lipi limechelewa zaidi. Miaka mitano! Kwa ulevi barabarani ni saba. Dereva akiusoma mstari huo peke yake huona amekwisha.

Lakini kuna aya nyingine kuhusu mwenye leseni tayari. Inasema kosa lolote la barabarani alilolifanya akiwa na leseni ya teksi laweza kuonyesha kwamba haichukulii kazi yake kwa uzito. Kisha inakubali kwamba makosa hutokea bila kukusudia, na kwamba kosa dogo la mara moja si lazima lifute leseni, mradi halmashauri inaona bado anafaa.

Aya hizo mbili zinavutana. Je, simu ni "kosa dogo la mara moja"? Au, kwa kuwa imepewa miaka yake mitano, imekwisha kutolewa kwenye kundi la makosa madogo? Nimeona halmashauri zikilijibu kwa njia tofauti. Zipo zilizoandika kwenye sera zao kwamba simu moja ni kufutwa, na aliye na sababu ya pekee aieleze. Zipo zinazotoa onyo la maandishi na kumpeleka dereva akapimwe upya uendeshaji wake. Viwango vyenyewe vinasema miaka hiyo ni mahali pa kuanzia katika kutoa au kuhuisha leseni, na kwamba kila shauri litazamwe kwa yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo kamati inayosema "sera ndiyo hii, hatuna la kufanya" imekosea. Na dereva anayesema "kosa ni moja tu, hamwezi kunigusa" amekosea vilevile. Kazi halisi imo katikati: kuionyesha kamati kwa nini shauri hili lisimame mbali na pale pa kuanzia, au kwa nini libaki palepale.

Mimi naona uzito huo ni wa haki, ingawa najua unavyowauma watu ninaowapenda. Abiria wa teksi hana uwezo wa kuchagua dereva wake. Mama anayerudi kutoka kliniki na mtoto mchanga, mzee anayepelekwa hospitali kwa mkataba wa halmashauri, mtoto mwenye ulemavu anayechukuliwa kwenda shule kila asubuhi: hao hawakuchungulia rekodi ya mtu. Wamefungua mlango wakaketi, kwa sababu ile beji imewaambia kwamba kuna aliyekwisha kuchungulia kwa niaba yao.

"Nitamwaga unga"

Hili ndilo neno la kwanza la kila dereva. Nikinyang'anywa beji nitamwaga unga, nina watoto, nina mkopo wa gari, nina mama nyumbani anayenitegemea kila mwezi.

Ni maneno ya kweli, na mbele ya kamati hayana kazi. Mwaka 2002, katika kesi iliyohusu halmashauri ya Leeds, Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba athari za uamuzi kwa riziki ya dereva na familia yake si jambo la kuzingatiwa, isipokuwa katika hali za nadra ambapo hali yake binafsi inaeleza au inatetea mwenendo wake. Mwaka 2011, katika kesi ya halmashauri ya Cherwell, likarudiwa hilohilo. Sababu yake inafuata swali lenyewe. Kama swali ni usalama wa abiria, basi dereva mwenye watoto sita hawi salama zaidi ya asiye na mtoto.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mahakamani mambo ni tofauti. Dereva aliyefikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu, anayekabiliwa na marufuku ya miezi isiyopungua sita, anaruhusiwa kumwambia hakimu kwamba marufuku hiyo itamletea taabu isiyo ya kawaida, na hakimu anaweza kumwacha aendelee kuendesha. Mtu ametoka mahakamani na ushindi huo, anaubeba mkononi hadi halmashauri, na huko anaambiwa haumo katika hesabu. Hajadanganywa na yeyote. Ni milango miwili, na kila mmoja una swali lake.

Kunyamaza

Viwango vya 2020 vinataka mwenye leseni atoe taarifa kwa halmashauri ndani ya saa 48 akikamatwa na kuachiwa, akishtakiwa au akitiwa hatiani kwa makosa kadhaa, na miongoni mwake ni kosa lolote la barabarani. Halmashauri nyingi zimeliweka hilo kwenye masharti ya leseni, na nyingi zimetaja faini za papo hapo waziwazi. Karatasi ya masharti dereva huisaini siku anapopokea beji. Wangapi huisoma? Ndugu yangu alikuwa nayo kwenye bahasha chini ya kiti tangu siku ile, haijakunjuliwa.

Kunyamaza kunalibadilisha shauri zima. Mtu aliyeandika barua pepe siku ya pili, "nimepata pointi 6 kwa kushika simu, naomba radhi, haya ndiyo niliyobadilisha", ameleta kosa moja la udereva. Aliyenyamaza miezi minane ameleta makosa mawili, na la pili linagusa lile neno la Lord Bingham, uaminifu. Na anayefika kwenye fomu akaulizwa kama ana pointi akajibu "hapana" amefanya jambo baya zaidi, kwa sababu kifungu cha 57 cha sheria ileile ya 1976 kinafanya kutoa maelezo ya uongo kwenye maombi kuwa kosa la jinai.

Chumbani

Walikuwa madiwani watatu, mwanasheria wa halmashauri pembeni, na ofisa wa leseni aliyesoma ripoti kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alimwacha ndugu yangu aseme yote: gari limesimama, taa nyekundu, miaka kumi na miwili bila ajali, watoto. Kisha akauliza:

"Kazi ngapi huingia kwenye simu yako kwa siku moja?"

Akafikiri kidogo. "Thelathini. Siku nyingine arobaini."

Yule mama akaiandika 40 kwenye karatasi yake, akaizungushia duara. Akauliza tena: tangu siku ile, umebadilisha nini kuhusu jinsi unavyozipokea?

Ndugu yangu akanitazama. Nikamrudishia swali kwa Kiswahili, ingawa nilijua amelielewa. Akajibu kwamba sasa yuko mwangalifu sana.

Hapo ndipo uzito ulipohamia. Ile siku kwenye taa ilikuwa kazi moja kati ya maelfu. Duara lile lilikuwa likiuliza habari za kazi arobaini za kesho, na arobaini za keshokutwa, kila moja na mlio wake na sekunde zake chache za kuikubali kabla haijaenda kwa mwingine. Ahadi ya uangalifu haibadilishi mlio. Ambacho kingeibadilisha ni kitu cha kushikika: kishikio kimefungwa chini upande wa kulia, sauti ya programu imewekwa isome jina la mtaa, anasimama kando ya barabara kabla ya kugusa chochote, amefanya kozi ya uendeshaji na cheti hiki hapa. Alikuwa na kishikio kizuri tu. Hakufikiri kukitaja.

Kamati ina njia kadhaa. Inaweza kuacha mambo yalivyo, kutoa onyo, kutaka mafunzo au upimaji, kusimamisha leseni kwa muda, au kuifuta. Kuhusu kusimamisha, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012, katika kesi ya Cardiff, kwamba huo nao ni uamuzi kamili. Halmashauri haiwezi kumsimamisha dereva kama mtu anayefunga mbuzi pembeni akisubiri uchunguzi, kisha ikarudi kumfutia kwa mambo yaleyale. Ni jambo la kuangalia kwenye barua yako.

Waliifuta. Barua ya sababu ilikuwa ya kurasa mbili, na aya ndefu kuliko zote ilihusu miezi minane ya kunyamaza.

Baada ya uamuzi

Sheria inampa dereva siku 21 tangu apokee barua kukata rufaa kwenye mahakama ya mahakimu. Kama barua haikusema kwamba uamuzi unaanza mara moja kwa ajili ya usalama wa umma, anaweza kuendelea na kazi mpaka rufaa isikilizwe. Kama ilisema hivyo, anaegesha gari siku hiyohiyo, rufaa au hakuna rufaa. Neno hilo moja ndilo la kwanza kulitafuta kwenye barua.

Mahakimu hulisikiliza shauri upya, na wanaweza kupokea mambo yaliyotokea baada ya kikao: kozi, upimaji, barua ya kampuni. Lakini huanza kwa kuiheshimu sera ya halmashauri, na mzigo wa kuonyesha kwamba uamuzi ulikosea uko kwa dereva. Gharama nazo zifikiriwe mapema. Ukishindwa unaweza kutakiwa kulipa za halmashauri. Ukishinda, kesi ya Bradford ya mwaka 2000 ilielekeza kwamba halmashauri iliyotenda kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwa kawaida haitozwi zako.

Zamani aliyefutiwa mji mmoja aliweza kuvuka mpaka akaomba mji wa jirani kama mtu mpya. Sheria ya mwaka 2022 ya usalama wa abiria wa teksi imeufunga mlango huo. Halmashauri za England lazima ziandike kwenye hifadhidata ya taifa kila leseni iliyokataliwa, iliyosimamishwa au kufutwa kwa sababu za usalama, na lazima ziitazame kabla ya kutoa leseni. Taarifa hukaa humo miaka 11. Na kama dereva mwenye leseni ya mji mmoja amefanya jambo la hatari mji mwingine, halmashauri ya huko lazima imripoti kwa iliyompa leseni ndani ya siku 10 za kazi, nayo ina siku 20 za kazi kuamua kama itachukua hatua.

Kuna upande mmoja ambao haukuitwa kwenye kile chumba, na bado unanikera. Teksi za Uingereza ni za aina mbili. Zipo zinazoweza kusimamishwa barabarani kwa mkono, na yapo magari ya kukodi ambayo kwa sheria lazima yaagizwe kwanza kupitia kampuni yenye leseni. Wengi wa watu wetu wako kwenye aina hii ya pili. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe inataka kazi ipite kwenye kampuni, na kampuni huituma kwenye skrini iliyo mbele ya mtu anayeendesha. Kampuni hizo nazo hupewa leseni na halmashauri hizihizi, kwa kifungu cha 55, na leseni hiyo inaweza kuwekewa masharti. Sioni kinachoizuia halmashauri kuiuliza kampuni: kazi inaingia wakati gari likitembea? Dereva anapewa sekunde ngapi? Anayechelewa kujibu kwa sababu alisimama kwanza anashushwa kwenye foleni? Dereva abaki na wajibu wake wote wa kutoshika simu. Lakini aliyepanga mlio ulie mara arobaini kwa siku naye aitwe aketi kwenye kile kiti.

Rufaa yake itasikilizwa mwezi ujao. Jumapili tulikaa jikoni kwake kuandika maelezo yake, chai imepoa, ile karatasi ya masharti safari hii imekunjuliwa juu ya meza. Rasimu ya kwanza ilianza na "Gari lilikuwa limesimama." Ameufuta mstari huo mwenyewe. Sasa inaanza na idadi ya kazi zinazoingia kwa siku, mahali simu inapokaa kila moja inapoingia, na tarehe aliyopaswa kuiandikia halmashauri na hakuandika.